Eksteno gani inafaa kueditia harusi za 4K? Yangu imenichosha

Kijana_wa_Mabibo (Jumapili, saa 5:40 usiku)

Wakuu habari za usiku, poleni na hili joto.

Mimi nashuti na kuediti harusi, mwaka wa tatu sasa. Ofisi ni chumba cha pili cha nyumba niliyopanga hapa Mabibo. Nina kamera mbili, zote zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, na droni ya kukodi ikitokea kamati ina hela. Droni nayo inacheza kwenye megabiti hizo hizo. Laptopu ni ya mtumba, RAM 16, ndani ina SSD, ile diski isiyozunguka, ya gigabaiti 256 ambayo Windows na Premiere, programu ninayoeditia, wameshaigawana. Kwa hiyo kazi zote zinakaa kwenye eksteno ya terabaiti 2, ile ndogo yenye diski ya kuzunguka, nilinunua Kariakoo mwaka juzi.

Jana nilikuwa na harusi. Misa Ubungo, ukumbi Sinza, tumetoka saa nane usiku. Leo nimerudi ibadani nikaanza kuhamisha kadi za kamera. Kadi moja ya gigabaiti 128 imekula saa nzima na dakika zake. Kadi ziko nne! Nimepika, nimekula, nimefua, nimerudi, mstari wa kijani bado uko katikati.

Nikifungua mradi ndiyo balaa zaidi. Kamera moja ikiwa peke yake inakwenda. Nikiweka kamera mbili na droni kwa pamoja kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu, kila baada ya sekunde mbili tatu picha inaganda. Bwana harusi anakata keki kama roboti. Sauti ya MC peke yake ndiyo haikwami, yule hata diski imemshindwa.

Video inatakiwa Ijumaa kwa sababu mama mzazi wa bibi harusi anarudi Bukoba Jumamosi na amesema haondoki mikono mitupu.

Bajeti yangu ni laki nne na nusu. Muuzaji mmoja Kariakoo amenipa njia tatu. Ya kwanza diski kubwa ya kuweka mezani, terabaiti 4, ina adapta yake ya umeme. Ya pili SSD ya mfukoni ya terabaiti 1. Ya tatu nayo ni SSD, imeandikwa terabaiti 16, elfu themanini. Kwa hiyo ya tatu moyo unasita lakini mkono unawasha, sitawadanganya.

Ninunue ipi? Msinicheke sana.

Mtoto_wa_Ilala (Jumapili, saa 5:52 usiku)

Mkuu hiyo ya 16 kwa elfu themanini nichukulie na mimi mbili, nifungue kituo cha televisheni.

FundiGerezani (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Acheni utani, hizo nazifungua kila mwezi hapa kwenye meza yangu. Kasha zuri la bati, zito kidogo mkononi. Ukilifungua unakuta kadi ndogo kama ya simu imebandikwa gundi kwenye kibao cha kijani, na wakati mwingine kipande cha chuma kimewekwa humo ili kitu kiwe na uzito. Hicho kibao kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni terabaiti 16, na kompyuta inaamini.

Ubaya wake hukuti tatizo siku ya kwanza. Unaweka harusi ya kwanza, inasoma vizuri, unamsifia muuzaji. Uwezo halisi ukiisha, inaendelea kupokea mafaili huku inaandika juu ya yale ya zamani. Majina utayaona yote kwenye folda, hata ukubwa wa faili utauona, ila ukibofya hakuna kitu. Mwaka jana alikuja kijana analia kabisa, harusi tatu za watu.

SSD ya kweli ya terabaiti 8, nusu tu ya hiyo, huipati bila kufika kwenye milioni. Sasa piga hesabu mwenyewe hiyo elfu themanini ni ya nini.

Ukinunua diski yoyote, hata kwenye duka la vioo na kiyoyozi, ifike nyumbani uipime kwa H2testw. Ni programu ya bure. Inajaza diski mpaka mwisho kisha inasoma tena kila ilichoandika. Mwenye Mac atumie F3. Fanya siku hiyo hiyo wakati risiti bado ina nguvu.

MzeeWaKanda (Jumatatu, saa 2:15 asubuhi)

Mdogo wangu, hela yako ibaki mfukoni kwanza. Mimi nimeanza kazi hii wakati wa kanda za VHS, tunaunganisha deki mbili na kubonyeza kwa vidole viwili, kwa hiyo nimezoea kumtafuta mchawi kabla ya kumnunulia kafara.

Umesema gigabaiti 128 kwa saa nzima na dakika zake. Hiyo ni megabaiti 128,000. Saa ina sekunde 3,600, ongeza hizo dakika zako chache. Gawanya. Unapata kama megabaiti 35 kwa sekunde.

Hiyo 35 naijua. Ndiyo kasi ya USB 2, ile USB ya zamani. Kwenye karatasi wanaandika megabiti 480, yaani megabaiti 60 (baiti moja ni biti nane), lakini kazini inakupa thelathini na kitu, mara chache arobaini. Diski yako yenyewe, hata iwe imechoka vipi, ndogo za namna hiyo zinatembea 100 na ushee. Kwa hiyo diski haijashindwa kukimbia, kuna mtu ameishika shati.

Sasa njoo kwenye taimulaini. Megabiti 100 ukigawa kwa 8 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kamera moja 12.5, inapita. Mbili 25, inapita. Ukiongeza droni ni 37.5. Mlango unapitisha 35, wewe unadai 37.5! Ndiyo maana bwana harusi wako anatembea hatua mbili anasimama. Hadithi yako yote imejibiwa na hesabu ya darasa la tano.

Niambie mambo mawili. Unachomeka tundu gani la laptopu, lenye ulimi wa buluu ndani au mweusi? Buluu ndiyo USB 3, ile ya kasi. Siyo kila kampuni inapaka buluu, lakini anza hapo, na kama kuna hab, kile kigawanya matundu, katikati itoe. La pili, waya. Upande wa diski kichwa cha waya kikoje? Kile kipana bapa, kama vichwa viwili vimeshikana mikono? Au chembamba kama chaja za simu za zamani?

Kijana_wa_Mabibo (Jumatatu, saa 3:05 asubuhi)

Mzee shikamoo.

Tundu ni la buluu. Waya… naona aibu kuandika. Ule wa asili uliumia mwezi wa tisa. Nilikuwa kwenye bodaboda kutoka Kigogo, begi likabanwa kwenye kifaa cha kubebea mizigo, kichwa kikapinda. Binamu yangu akanipa waya wa chaja ya simu yake ya zamani. Nikajaribu, ukaingia upande mmoja wa tundu, diski ikawaka taa, ikafunguka. Nikasema Mungu mkubwa, nikaendelea na maisha.

Kwa hiyo ni mwembamba. Tangu mwezi wa tisa.

MzeeWaKanda (Jumatatu, saa 3:20 asubuhi)

Marahaba. Usione aibu, lile tundu limetengenezwa makusudi lipokee waya wa zamani ili mtu asikwame. Ule upande mkubwa wa tundu ni USB 2, kaupande kadogo ka pembeni ndiko kenye nyaya za USB 3. Chaja ya binamu inaingia kwenye upande mkubwa tu. Taa inawaka, mafaili yanaonekana, na kasi inabaki ya mwaka 2000. Hakuna ujumbe wowote utakaokutokea kukuambia.

Kanunue waya wa USB 3 wenye kichwa kipana. Mfupi, nusu mita inatosha. Kisha rudi utuambie.

DadaKamera_Kimara (Jumatatu, saa 6:10 mchana)

Naingilia. Mnazungumza kasi, mimi nina swali lingine kwa kaka wa Mabibo: hizo harusi za miaka mitatu zipo kwenye hiyo eksteno moja? Nakala ya pili iko wapi?

Nauliza kwa sababu mwaka juzi nilikuwa ukumbini Tegeta, nahamisha kadi pale pale mezani karibu na spika, eksteno imening'inia kwenye laptopu. Mtoto akapita anakimbiza puto, mguu ukanasa kwenye waya. Ikaanguka chini, urefu wa meza tu, kwenye vigae. Ilikuwa inazunguka. Ikatoa sauti tik, tik, tik, kama jogoo anadonoa bati. Kile kisoma data ndani kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, kikigusa ndiyo basi.

Kadi mbili za kwanza nilikuwa nimeshazifuta niendelee kushuti. Kiapo kilikuwa humo. Nilimrudishia yule dada hela yote na bado nikikutana na ndugu zake Kimara Mwisho navuka barabara.

Tangu hapo sifuti kadi mpaka mafaili yawe sehemu mbili. Nimenunua kadi za ziada, ni rahisi kuliko aibu. Na ukumbini sihamishi kitu kwenye diski ya kuzunguka. SSD haina kinachozunguka, ikianguka naiokota tu.

Kijana_wa_Mabibo (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Dada swali lako limenikaa vibaya. Jibu ni kwamba nakala ya pili haipo. Kila kitu kipo humo, imebaki gigabaiti 130 tu ijae.

Sasa majibu. Nimepata waya Mwenge, elfu saba, mfupi kama alivyosema mzee. Kadi ya nne niliyokuwa sijaihamisha, gigabaiti 128 ile ile, laptopu ile ile: dakika 24. Niliangalia saa mara mbili.

Ila kukwama hakujaisha kabisa. Kamera mbili na droni zinacheza sasa, lakini nikiruka ruka kwenye taimulaini, kama nikitoka kwenye maandamano ya wazazi kwenda kwenye keki, inafikiri sekunde moja mbili ndipo iendelee. Na nikiwa nahamisha huku naediti inarudi kuwa roboti. Hii sasa ni diski, au bado kuna mchawi?

MzeeWaKanda (Jumanne, saa 1:40 asubuhi)

Dakika 24 kwa 128 ni kama megabaiti 89 kwa sekunde. Hapo anayekubana sasa ni kadi. Kadi nyingi za SD za kawaida mwisho wake ni tisini na kitu. Sawa kabisa.

Kukwama kulikobaki, ndiyo, sasa ni diski. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja wa kusomea. Ukisoma faili moja refu inateleza vizuri. Ukitaka mafaili matatu kwa wakati mmoja, mkono unakimbia kushoto, kulia, kushoto, na kila mwendo ni milisekunde kadhaa za kungoja. Ukihamisha mafaili juu yake ndiyo umempa mpishi mmoja sherehe mbili.

Tena yako imejaa. Diski huanza kujaa kutoka ukingo wa nje wa sahani, ambako kila mzunguko unabeba data nyingi. Kadiri inavyojaa inaingia ndani kwenye duara dogo, na huko kasi inaweza kushuka hadi karibu nusu. Halafu hizi ndogo za terabaiti 2 nyingi zinaandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja inabidi iandike upya na majirani zake. Kwa kuhifadhi ni nzuri na bei nafuu, kwa kuediti hapana.

Nunua SSD ya terabaiti 1. Terabaiti 1 kwako ni harusi ngapi? Megabiti 100 ni gigabaiti 45 kwa saa moja ya kurekodi. Kadi nne zako ni kama gigabaiti 500. Kwa hiyo ni kazi moja kubwa na ndogo moja, basi. Iwe meza ya kazi ya wiki hii tu, usiifanye stoo.

Ile ya SATA, SSD ya kawaida ya ndani ya laptopu iliyowekwa kwenye kasha, inatoa kama megabaiti 500, na wewe unadai 37.5. Inakutosha. Zile za 1,000 kama Samsung T7 ni nzuri zaidi, ila laptopu yako ikiwa na tundu la gigabiti 5 huioni hiyo elfu, inaishia mia nne na kitu. Usimlipe mtu kwa kasi ambayo tundu lako halina.

Wakati mwingine inayokwama ni prosesa. Klipu za droni nyingi ni H.265, zimekandamizwa sana, prosesa ya mtumba inatoka jasho kuzifungua. Hata ukiziweka kwenye diski ya peponi zitakwama. Tengeneza proksi ndani ya Premiere, nakala nyepesi za kueditia, na mwisho wakati wa kutoa video inarudi kwenye zile za asili. Acha itengeneze usiku ukiwa umelala.

Kijana_wa_Mabibo (Jumanne, saa 2:05 asubuhi)

Mzee na ile kubwa ya mezani ya terabaiti 4? Muuzaji anasema ndiyo ya kitaalamu.

FundiGerezani (Jumanne, saa 4:00 asubuhi)

Naomba nijibu hili. Ile ya mezani inakimbia kuliko yako, karibu megabaiti 200, na kwa stoo ni nzuri sana. Lakini inakula umeme wa ukutani kupitia adapta. Una UPS, ile betri ya akiba? Kama huna, umeme ukikatika katikati ya kuandika, laptopu inabaki hai kwa betri na diski inakufa pale pale. Ukiwa umeifomati, yaani umeiandaa kupokea mafaili, kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna daftari la kukumbuka ilikuwa inafanya nini, unaweza kurudi ukakuta folda haifunguki. Hizi ndogo na SSD zinanyonya umeme wa laptopu, zenyewe hazijui kama mtaani giza.

Wewe ni wa Windows mwanzo mwisho? Basi fomati kwa mfumo wa NTFS. exFAT iweke pale tu unapobadilishana kazi na mtu wa Mac, kwa sababu Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki.

Na kwa joto letu la Januari na Februari, SSD za kasi zinachemka kwenye chumba kisicho na AC, zikichemka zinapunguza mwendo zenyewe. Usiiweke juu ya godoro wala chini ya laptopu. Mimi ya kwangu naiweka kwenye kigae mbele ya feni, wateja wanadhani naikausha.

DadaKamera_Kimara (Jumanne, saa 4:25 asubuhi)

Na stoo usiifanye SSD. SSD ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme inaweza kusahau ilichobeba, na joto linaongeza. Mimi stoo yangu ni eksteno mbili za kuzunguka zinazofanana. Moja kwangu, nyingine kwa dada yangu Mbezi. Nyumba moja ikiingia maji nyingine inabaki. Kila moja ipo kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana unyevu wa Dar unakula hata misumari. Kila baada ya miezi mitatu minne nazichomeka, nafungua video moja mbili, nazirudisha.

Mtoto_wa_Ilala (Jumanne, saa 5:10 asubuhi)

Kwa hiyo ile 16 sichukuliwi?

Kijana_wa_Mabibo (Ijumaa, saa 5:15 usiku)

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa ndani ya handaki.

Jumatano asubuhi nilikwenda Kariakoo kabla mitaa haijajaa. Nimechukua SSD ya terabaiti 1, aina ya SATA kwenye kasha, baada ya kubishana sana na muuzaji aliyetaka nichukue ile ya kasi ya 1,000. Nikamwuliza laptopu yangu ina tundu gani akanyamaza. Nimeokoa hela ya kutosha, nikaongeza kidogo iliyokuwa ya kodi, nikapata na eksteno ya terabaiti 2 ya kuzunguka, pacha wa ile ya zamani. Wote wawili nimewapima kwa H2testw. SSD ilimaliza ndani ya saa moja na nusu hivi, ile ya kuzunguka niliiwasha jioni nikaikuta asubuhi bado inahangaika, lakini zote safi.

Harusi nimeihamishia kwenye SSD. Droni nimeitengenezea proksi usiku wa Jumatano. Alhamisi nimeediti siku nzima, kamera mbili na droni, naruka kutoka kanisani kwenda kwenye keki kwenda kwenye maandamano, hakuna kufikiri. Bwana harusi sasa anakata keki kama binadamu. Nimegundua pia kwamba alikuwa anatabasamu, hapo mwanzo sikuwahi kuona.

Leo saa kumi jioni nimempelekea mama flashi yake. Ameangalia dakika kumi amesimama mlangoni, akaniuliza mbona shangazi yake hayupo kwenye meza ya wazazi. Nimerudi nyumbani kumtafuta shangazi. Alikuwepo, kamera ya pili, nyuma ya spika. Nimeshamwongeza, naacha itoke nikilala, kesho saa kumi na moja alfajiri naipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi kabla basi la Bukoba halijaondoka.

Ile eksteno ya zamani inanakiliwa kwenda kwa pacha wake sasa hivi ninavyoandika. Imeandika saa tisa zilizobaki. Dada wa Kimara, ya pili nitaipeleka kwa kaka yangu Chanika. Waya wa chaja nimemrudishia binamu, kasema alikuwa ameshausahau.